Mafuta ya Nguruwe kwenye Nyaya za Lori

Miaka ile ya mwisho ya Waingereza nilikuwa na lori kuukuu. Nilitoka nalo Tunduma hadi Mbozi, nikabeba kahawa ya wakulima kuipeleka Mbeya. Msimu huo nililala kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, na lori likalala uani kwake. Mchana betri ilichaji vizuri, lakini asubuhi lori halikuwa na nguvu hata ya kupiga honi. Wenye kahawa wakalisukuma. Kesho yake tena. Siku ya tatu mzee wao akajifuta mikono mbele yangu.

“Bwana, tumesukuma asubuhi tatu. Ya nne tutasukuma lori la mwenzako.”

“Ni baridi, mzee. Betri nayo inasikia baridi.”

“Sisi ndio tunaoisikia. Wewe umekaa.”

Msimu mzima wa kahawa ulikuwa mikononi mwao. Alasiri hiyo nikamshika shemeji, aliyewahi kuwa fundi wa umeme kwenye migodi ya shaba ng’ambo ya mpaka. Akachomoa waya mmoja wa betri, kisha kati ya waya na betri akaweka balbu ndogo ya taa ya nyuma. Swichi zote zilikuwa zimezimwa. Nilizihesabu, nikazihesabu tena. Balbu ikawaka, nyekundu, kivivu.

“Kuna anayekula umeme wako wewe umelala,” akasema.

Nyuma ya dashibodi kulikuwa na nyaya kumi na moja. Akawa anachomoa mmoja mmoja, mimi nikitazama balbu. Wa saba ulipotoka, balbu ikazimika.

“Urudishe,” nikamwambia.

“Shemeji, imezimika.”

“Urudishe, uchomoe tena.”

Ikawaka, ikazimika. Hapo tukaufuata waya kwa vidole hadi chini ya kiti cha abiria. Vidole vyangu ndivyo vilivyotangulia, na vilizama kwenye kitu laini, cha moto, chenye maji.

Kilikuwa kiota cha panya: matambara, manyoya, maganda ya mahindi, vyote vimelowa mkojo. Ndani walijazana watoto wekundu wasio na macho. Saba. Nikahesabu tena: saba, na nusu ya mmoja ambaye mama yake alikwisha kumuonja. Waya ulipita katikati yao ukiwa shaba tupu.

“Mkojo una chumvi,” shemeji akaeleza, kana kwamba nimemuuliza. “Umeme unapita humo, unaingia kwenye chuma cha bodi, usiku kucha. Lakini raba yote hii wameilia nini?” Akanusa waya. Akanitazama. “Ulipaka nini hapa?”

Kwetu kitu kikipasuka kwa baridi hupakwa mafuta ya nguruwe: visigino, viatu, kamba za ng’ombe. Raba ya nyaya ilikuwa imepasuka. Niliipaka, na kwa kuwa mimi ni mtu makini, niliipaka mara mbili.

“Basi umewapikia,” akasema.

Nikatapika kando ya gurudumu. Tulitoa uchafu ule kwa koleo, tukafunga waya mpya, nikasugua chuma kwa majivu na maji ya moto mpaka ngozi ikanichubuka. Mikono niliinawa mara nne, na bado sikuweza kula ugali nayo. Nilikula kwa kijiko kama mgonjwa.

Asubuhi ya nne lori liliwaka kwa mkono wangu mmoja kwenye swichi, bila kusukumwa. Mzee wa wakulima akafungua mlango wa mbele, akaingiza kichwa, akakitoa taratibu.

“Pakieni,” akawaambia wenzake. “Mimi nitakaa nyuma, juu ya magunia.”

Nikaendesha hadi Mbeya peke yangu mbele, vioo vyote vimeshushwa.