Ramani ya Placidia

Nasikia redioni kwamba madaktari wa ng'ambo wanachora ramani ya neva za uti wa mgongo, wapate kujua pa kupandikiza vyombo vya umeme. Wachore tu. Ramani ya kwanza niliyoiona mimi Anatolia ilichorwa hapa Nyakatuntu kwa utomvu wa mgomba, na aliyeichora ni wifi yangu Placidia. Najivuna? Ndiyo, najivuna, na anayekereka akereke.

Mwaka 1986 kaka yangu Desderius alianguka kutoka juu ya lori la kahawa. Kuanzia kitovuni kushuka chini akawa hana habari na mwili wake. Hospitalini daktari alimgusagusa kwa pini, akatia alama ya kalamu pale hisia zilipokoma. Akamweleza Placidia kwamba kila neva inayotoka mgongoni ina eneo lake la ngozi. Mstari ukishuka, ajue ndani bado kuna njia iliyo hai. Usiposhuka, mumewe hatasimama tena.

Tulipomrudisha nyumbani, wino ulifutika kwa kuoga mara moja. Placidia akaenda shambani, akakata mgomba. Utomvu ule tunaujua, ukishika nguo umeiharibu, sembuse ngozi. Kila Jumapili baada ya kanisa alimfunga mumewe kitambaa machoni, akamgusa kwa mwiba wa mlimau, akachora.

Mstari ukashuka haraka mno. Tukashangilia. Placidia hakushangilia, aliuinua mwiba hewani bila kugusa kitu, na Desderius akajibu kwamba anasikia. Waitu, kumbe alikuwa anadanganya! Aliogopa mkewe atakata tamaa amwache. Placidia alimfokea, nami pale mlangoni sikujua nitazame wapi.

"Mimi siondoki," alimwambia. "Lakini ukinidanganya, nitajuaje pa kukukanda?"

Mistari ile ya uongo haikusikia sabuni. Kaka yangu alikaa na tumbo la punda milia mpaka ikafifia yenyewe, na nilimcheka sana.

Wakaanza upya. Mstari wa kweli ulishuka polepole, ukavuka nyonga, mwaka uliofuata ukapita goti. Lakini nyumbani kwao Placidia walikuwa wamechoka kungoja. Kaka yake mkubwa, Protase, akaja kutoka Nkwenda kumchukua. Alikataa hata kuketi. Alisema dada yake bado kijana, hawezi kuzeeka akimgeuza mtu kitandani.

Placidia alimkabidhi mwiba.

Protase alimfunga Desderius macho kwa mikono yake mwenyewe, akakaza fundo. Alipita mapajani bila kugusa, akateremka moja kwa moja mpaka mguuni, na kwa hasira zake akachoma kidole gumba.

"Polepole, shemeji," Desderius akasema. "Hicho kidole nimekipata juzi tu."

Protase alibaki ameinama. Kisha akavuta kigoda, akaketi, akauweka ule mguu mapajani mwake, akamwomba dada yake amwonyeshe namna ya kuukanda.