Jumatano Niliyomsahihisha Mama

Usiku, harufu ya javel iliingia nyumbani kabla ya mama. Ilipanda ngazi mbele yake hadi ghorofa ya tatu, ikapenya chini ya mlango, nami nikajua amerudi hata kabla sijasikia hatua zake. Alipokwisha kuoga na kujipaka mafuta, dawa hiyo ya kusafishia ilibaki kwenye vidole vyake, ikachanganyika na vitunguu alivyokuwa akikatakata. Tulikaa Schaerbeek, mjini Brussels, katika mtaa ambao kila tramu ilipokata kona vikombe vyetu vilitetemeka kabatini. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama alisafisha ofisi upande wa taasisi za Ulaya, karibu na metro ya Schuman, na kwa kuwa ofisi husafishwa zikiwa tupu, alitoka alfajiri nikiwa bado kitandani, akarudi nikiwa shuleni, kisha jioni akaondoka tena kabla sijafika. Niliishi na mama bila kuishi naye. Nilikula peke yangu chakula alichoniachia kwenye sufuria, na mazungumzo yetu mengi yalikuwa vikaratasi juu ya meza.

Majira ya baridi yale, kampuni yake ilitafuta msimamizi wa zamu ya mchana. Kazi ingeanza saa tatu asubuhi na kwisha saa kumi na moja, na jioni zote zingekuwa zetu. Sikuwahi kutaka kitu kama nilivyotaka jioni hizo. Mahojiano ya Kifaransa mama aliyapita bila shida. Yalibaki ya Kiingereza, kwa sababu wenye ofisi walileta malalamiko yao kwa Kiingereza, na meneja wa jengo, mzee mmoja kutoka Ireland, alitaka kumsikia mwenyewe. Alipewa majuma matano.

Mwalimu nilikuwa mimi. Nilikuwa nimejifunza Kiingereza kutoka kitabu cha sarufi nilichookota kwenye boksi ambalo mtu ameliacha kando ya njia ili apitaye ajichukulie, kama watu wa Brussels wafanyavyo. Kurasa za majibu zilikuwa zimechanwa. Nilifanya kila zoezi mara tatu na bado sikujua kama nimepata, na nadhani hapo ndipo ugonjwa wangu wa kuogopa kosa ulipoanzia. Juu ya kitanda nilibandika karatasi: kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Wengine huusoma msemo huo kama faraja. Mimi niliusoma kama tishio.

Sentensi za kukubali mama alikuwa nazo za kutosha. Alikuwa ameziokota kwenye korido za watu. Shida ilikuwa kukataa. Kiswahili hukataa mwanzoni mwa kitenzi, na ukitaka kusisitiza unaongeza kamwe, unaongeza hata kidogo, wala hakuna anayelalamika. Kifaransa nacho huyaacha maneno yake ya kukataa, “jamais”, “personne” na “rien”, yakae pamoja katika sentensi moja. Kiingereza cha kitabu changu kilikuwa bahili. Ukishasema “never”, kitenzi kinabaki kana kwamba unakubali, na “nobody” lazima abadilike awe “anybody”. Hiyo “never” yenyewe hukaa mbele ya vitenzi vya kawaida lakini nyuma ya “am” na “is”. Iliyonitisha zaidi ilikuwa “hardly”, kwa sababu haina sura ya kukataa, ila inakataa kimyakimya. Mama alipojaribu, alirundika zote.

“Moja tu, maman,” nilimwambia. “Ukikataa mara moja inatosha.”

“Mara moja? Miye nikikatala, nakatala na mwili muzima.”

Maman Sifa, jirani yetu na mwenzake wa kazini, alikuwa ameketi hapo na kikombe cha chai. Alicheka mpaka akakiweka chini. “Hawa bazungu! Hata kukatala wanafanya économie!”

Mama hakuweza kujifunza akiwa ameketi; usingizi ulimchukua. Basi aligawa sentensi kwa ghorofa. Jengo lilikuwa na ghorofa saba, nami nilimpa sentensi saba, na kila ghorofa alipiga deki na moja mdomoni. Maman Sifa alituletea taarifa ya mama na lifti: “Leo kwenye ghorofa ya ine alisimama mbele ya ascenseur, anaiambia, I am never late. Ascenseur ikafunguka!” Maman Sifa nami tulicheka, mama akasahihisha tena matamshi yake, akinitazama usoni aone kama nimeridhika. Sikuridhika. Nilimrudisha mwanzo hata alipokuwa anasinzia na kijiko mkononi. Naandika hili kwa aibu: niliogopa kosa lake kuliko nilivyouona uchovu wake.

Mahojiano yaliangukia Jumatano, siku ambayo shule hufungwa adhuhuri, nami nikaomba niende naye. “Utakaa kimya,” mama alisema ndani ya metro, akininyoosha kola. “Umesikia? Kimya.” Meneja alikuwa mrefu, mwenye sauti ya taratibu, akanipa kiti karibu na mlango na boksi la juisi. Sikuinywa. Mama alikaa wima, mkoba magotini. Aliulizwa kuhusu muda, akajibu hajawahi kuchelewa. Aliulizwa kuhusu funguo, akajibu hajawahi kupoteza hata mmoja. Kila “never” ilikaa mahali pake, nami nilihesabu kwa vidole ndani ya mfuko wa koti. Sentensi nne, tano.

Kisha meneja akauliza jambo ambalo hatukuwa tumelitayarisha: ungefanya nini mtu wa ofisini akikataa kufuata usafi? Mabega ya mama yakashuka, mikono ikaondoka kwenye mkoba, akaanza kusimulia. Kulikuwa na bwana mmoja wa ghorofa ya tano aliyeficha maganda ya ndizi kwenye droo hadi panya wakaja. Alimwonyesha meneja droo hewani, akaifungua, akaziba pua, akamwiga panya. Meneja alikuwa ameinama mbele, anatabasamu. “Nobody don't never speak to him,” mama alisema, akijigonga kifua. “Me, I go, I...”

“Nobody ever speaks to him, maman!”

Ilikuwa sauti yangu. Kubwa, kama ya mwalimu. Maji yakimwagika hayazoleki. Mikono ya mama ilibaki hewani imeshika droo isiyokuwepo, kisha ikarudi taratibu juu ya mkoba. “Sorry,” alisema, na mpaka leo sijui alikuwa akimwambia nani. Kwetu mtoto hamsahihishi mkubwa mbele ya watu; nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Hadithi hakuimaliza. Maswali yaliyobaki aliyajibu kwa sentensi za ghorofa, moja baada ya nyingine, bila kosa na bila uhai.

Kwenye jukwaa la Schuman nilishindwa kuvumilia. “Maman, umekasirika?”

“Hapana. Ulisema kweli.” Alinivuta mkono. “Ingia, mulango unafungwa.”

Tulingoja jibu siku tisa. Nilikuwa na hakika kwamba neno langu moja limetugharimu jioni zetu zote. Siku ya tisa simu ililia, mama akasikiliza amesimama, akasema merci mara nne, akaketi chini sakafuni. Kazi ilikuwa yake. Maman Sifa alisikia baadaye kutoka kwa meneja mwenyewe kwamba kilichomshawishi ni ile droo. Meneja hakuwahi kuwa na ujasiri wa kumkabili yule bwana, na kumbe mama alikuwa ameshamkabili.

Jioni zikawa zetu kweli. Tulikula pamoja, tulisukana nywele. Lakini Kiingereza kilikwisha kati yetu. Simu ya kazini ilipolia, mama aliichukua akaingia nayo chumbani na kufunga mlango, nami nilisikia mnong'ono tu. Nilipomwambia tuendelee na masomo, alijibu kwa upole, “Bon, ile ni mambo ya kazi.” Hakunigombeza hata siku moja. Angenigombeza ningejua pa kuombea msamaha.

Leo nina miaka ishirini na sita na ninakula kwa kusahihisha maandishi ya wengine, mitaa miwili kutoka jengo lile. Barua pepe ya mistari mitatu inanichukua nusu saa. Mama anaongoza wafanyakazi kumi na wanne, na ninamtembelea kila Alhamisi. Juma lililopita nilifika mapema. Nikiwa nje ya mlango nilimsikia, kwa sauti kamili, akimfariji kwa Kiingereza mfanyakazi mpya kwenye simu: “Nobody don't tell you nothing? Me, I tell you!” Akacheka, na upande wa pili bila shaka walicheka pia, maana alicheka tena. Taa ya ngazi ilizimika yenyewe. Sikuiwasha. Nilihesabu makosa manne, kisha nikaacha kuhesabu, nikasikiliza. Alipoaga, nilingoja kidogo zaidi, asije akajua kwamba nilikuwapo, ndipo nikabisha hodi.