Udongo wa Dimbwi la Bungu

Bi Mwanamina wa Bungu alikuwa na mdomo, na kwa kukandika nyumba hakuwa na mpinzani. Lakini cha mtu hakuwahi kukigusa mpaka mwaka wa tisini na nne, alipoiba udongo.

Dimbwi lilikuwa nyuma ya shamba lake la mpunga. Mvua zikinyesha, visamaki vya mkia mwekundu vinajaa humo. Jua likikaza, dimbwi linakauka na vyote vinakufa. Wilhelmina, binti kutoka Moshi aliyesomea urithi wa viumbe chuo kikuu, ndiye aliyemweleza kwamba mayai yao hubaki hai ndani ya tope kavu, na kwamba samaki wenye ustahimilivu wa aina hiyo wapo hata jangwani. Alitaka kujua ni vinasaba gani vinavyowapa uwezo huo. Mikia ile hakuiona kwenye dimbwi jingine lolote, na bila kizazi kipya kilicho hai utafiti wake ungekufa.

"Nilindie, bibi," alisema. "Likikauka, asichimbe mtu."

Bi Mwanamina akalinda. Kisha wakaja watu kumposa mjukuu wake Sabra, na ukuta wa jiko umepasuka, aibu tupu. Udongo mweusi wa dimbwi hushika kuliko wote. Akajiambia, pakavu hivi, samaki gani? Akachimba, akakandika, na uliobaki akaufunika kwa gunia pembeni mwa jiko.

Haukupita muda, malori ya kujenga barabara yakamwaga kifusi na dimbwi likafukiwa lote. Wilhelmina alikuja na ndoo zake kuchukua tope, akakuta kokoto. Akakaa juu yake, machozi yakimtoka bila sauti. Bi Mwanamina angenyamaza tu, lawama zote zingeishia kwenye malori. Hakuweza.

"Inuka, mwanangu. Mie nimekuibia."

"Umeniibia nini, bibi?"

"Udongo. Uliobaki uko jikoni."

Wakaumimina kwenye beseni, wakatia maji. Bi Mwanamina hakula mchana ule. Alichutama hapo hapo akiyakodolea macho maji meusi, akijitukana kimoyomoyo.

Jua lilipokuwa linapungua ukali, tope likatuama. Wilhelmina akainama, akamshika bega. Ndani ya maji palikuwa na kitu chembamba kama uzi, chenye macho, kinakwenda. Halafu kingine. Halafu vingi.

"Wazima," alisema. "Bibi, ni wazima."

Bi Mwanamina akashusha pumzi ndefu, akajiegemeza ukutani.

"Unisamehe, mwanangu. Uliniambia nisichimbe."

Wilhelmina alikuwa anacheka na kufuta macho kwa upindo wa khanga.

"Nikusamehe nini? Hawa ndio waliobaki wote. Wamebaki kwa sababu hukunisikia."

Bi Mwanamina akalia kwa raha.