Mwana wa Kumwombea Kersasp

Baba Mkubwa Kersasp Kapadia alikuwa na kiwanda cha nguo mtaani Parel na shamba la farasi wa mbio karibu na Pune. Alianza kazi akiwa kijana wa kuunga nyuzi zilizokatika mitamboni. Hata alipotajirika, harusini alikuwa akishika mkono wa shati la bwana harusi na kuusugua kwa vidole.

"Uzi huu si wangu," alikuwa akisema. "Ndiyo maana umekunjamana kama uso wa mama mkwe wako."

Watu walicheka, na mama mkwe naye alicheka.

Mungu hakumjalia mtoto. Mkewe Armaiti alipofariki, jina lake alimpa farasi jike aliyezaliwa wiki ileile, akaapa kwamba hatamuuza kamwe. Mtu aliyemlea kama mwanawe ni Noshir, yatima wa binamu yake. Alimsomesha, akamkabidhi shamba, kisha akampa na mamlaka ya kutia saini hati za kiwanda. Kwetu Waparsi, tunaosali mbele ya moto mtakatifu, mwanamume asiye na mtoto wa kiume hutajiwa mmoja siku ya tatu baada ya kifo, mbele ya kuhani na jamaa, na sala za roho yake huombwa kwa jina la mwana huyo. Sote tulijua atakuwa Noshir.

Kisha Baba Mkubwa akapooza upande mmoja. Noshir alikuja kila Jumapili na zabibu, akambusu paji la uso. Jumamosi moja tulikuwa tukisikiliza mbio redioni huku nikimmenyea chungwa. Mtangazaji akasema Armaiti ameshinda, akamtaja mwenye farasi: mfanyabiashara wa Kalkata. Baba Mkubwa akaniambia redio imekosea. Nikapiga simu shambani. Nikaambiwa Noshir ameuza farasi wote, mazizi ni matupu, na kiwanda nacho kilikuwa mbioni kuuzwa kwa mtu huyohuyo.

Alimwita mdogo wake, yaani baba yangu Pestonji, akamshika kwa mkono wake mzima.

"Pesi, mtaje mtu yeyote. Mtaje mpishi. Mtaje yule mlevi wa ghorofa ya chini. Asiwe Noshir."

"Nitamtaja mwanangu Jal," baba akasema. Akagusa ukanda wake mtakatifu kiunoni, akaapa.

Baba Mkubwa hakumaliza mwezi.

Siku ya tatu baada ya kifo, alasiri, Noshir aliketi mstari wa mbele akiwa amevaa nyeupe tupu. Asubuhi alikuwa amejifungia sebuleni na baba. Kuhani akauliza jina la mwana. Baba akatazama viatu vyake, akamtaja Noshir. Jamaa wakainuka kumpa mkono. Jal alinigeukia.

Nyumbani nilimfuata baba chumbani.

"Nyumba hii ni ya kiwanda, binti yangu," akasema. "Noshir amekubaliana na mnunuzi kwamba tubaki. Ulitaka mama yako alale wapi?"

"Uliapa, Baba."

"Niliapa. Marehemu hahitaji nyumba."

Alisema hivyo kisha akaomba chai.

Mwezi ulipotimia, tulikwenda hekaluni kwa sala ya marehemu. Noshir hakuja. Msimu wa mbio ulikuwa umefunguliwa Pune, akamtuma dereva na kifurushi cha kuni za msandali. Nilikipokea ngazini, na nilitamani sana kukitupa mtaroni. Lakini sikuweza kumnyima Baba Mkubwa moto wake kwa sababu ya hasira yangu, nikakipeleka ndani.

Kuhani akaweka kuni motoni, akaanza. Alimtaja Kersasp, kisha akamtaja Noshir, mwanawe. Niliipandisha sauti ya sala yangu ili nisilisikie jina la pili. Nililisikia.