Mashine Isiyohitaji Grenda

Mume wangu alifariki kabla hatujachagua mashine. Aliumwa tumbo siku chache tu, tukampeleka Mwanza, na tulipomrudisha nyumbani Kewanja yeye alikuwa amelazwa nyuma ya gari, mimi nimekaa mbele na dereva. Karakana yetu ya kuchomelea ilifungwa wakati wa msiba, kisha ikafunguliwa, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inatulisha.

Tangu tulipoanza, kazi yetu ilikuwa imegawanyika. Yeye alichomelea, mdogo wake alipima na kukata, mimi nilishika grenda. Kila maungio aliyochomelea yalipita kwangu. Nilisaga zile nundu mpaka geti likawa laini, ndipo nikapaka rangi. Vumbi la chuma lilikaa kwenye nywele zangu na kwenye chai yangu, na sikuwa nalilalamikia.

Miezi michache kabla ya kuumwa, alikuwa amekubaliana na kambi moja ya watalii huko Serengeti awatengenezee meza za jikoni za stenlesi. Bati za stenlesi ni nyembamba. Ukizichomelea kwa mashine yetu ya kawaida zinajikunja, nyingine zinatoboka. Ndipo akaanza kuzungumza habari za mashine ya leza ya kushika mkononi, inayochomelea kwa mwanga mkali. Kulikuwa na mbili: moja inauzwa Sirari, mpakani, nyingine Mwanza kwa bei ya karibu mara mbili. Alisema tutakwenda kuziona zote, halafu ndiyo tuamue.

Baada ya arobaini, watu wa kambi walipiga simu. Walitupa pole, kisha wakauliza kama kazi bado ipo. Shemeji yangu alinitazama, simu ikiwa sikioni mwake. Nikasema, "Waambie ipo." Sikufikiri. Siku zile nilikuwa najibu tu.

Tukaanza na Sirari. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu mwenye Kiswahili cha upande wa pili wa mpaka.

"Madam, hii ndio watu wa Kisii wanatumia," aliniambia. "Haina maneno. Unachomeka kwa stima ya nyumba, unafanya kazi."

"Miwani iko wapi?" shemeji akauliza.

"Niko na moja tu. Nyinyi angalieni kando."

Akavaa ile moja, akawasha. Mwanga ulikuwa mdogo na mweupe kupita kiasi. Shemeji aligeuka. Mimi sikugeuka. Sijui kwa nini. Nilijua kabisa mwanga wa namna ile unafanya nini kwenye macho. Mara ngapi nilimkatia mume wangu vipande vya viazi vibichi akavilaza juu ya kope, machozi yakimtoka mpaka alfajiri. Lakini nilisimama nikautazama kama mtu anayetazama mvua. Shemeji ndiye aliyenishika bega, akanigeuza uso ukutani.

Kijana alipomaliza alituonyesha mstari aliochomelea. Ulikuwa safi. Kisha, ili kutufurahisha, akanyanyua mkono wa mashine akaulenga kwenye boksi lililokuwa limeegemea ukuta, hatua kadhaa kutoka alipokuwa, akabonyeza. Boksi likatoa moshi, likatoboka. Yeye akacheka.

"Umeona nguvu yake?"

"Tumeona," shemeji akasema.

Wiki iliyofuata tulikwenda Mwanza. Sikuwa nimeurudia mji ule tangu siku ile, na nilitegemea kwamba nitakapouona kitu fulani kitanipata. Gari lilipita karibu na hospitali. Niliona geti lake, nikaona kwamba maungio ya chini yameshika kutu. Basi.

Muuzaji wa Mwanza alikuwa mtu mzima asiyekuwa na haraka, na hakuonekana kujali kama tutanunua au hatutanunua. Alikataa kuwasha mashine mpaka sote wawili tuvae miwani, na akafunga mlango. Mashine yake ilikuwa na waya unaobanwa kwenye chuma unachochomelea. Alinyanyua mkono wa mashine hewani, akabonyeza. Kimya.

"Haiwaki mpaka iguse chuma kilichobanwa," alisema. "Ukiiondoa, inajizima. Lakini nisiwafiche. Umeme wenu ukishuka, nayo inazima. Kule kwenu si kuna makarasha?"

"Yapo jirani," nikasema. Makarasha yale ya kusaga mawe ya dhahabu yakianza kazi, hata taa zetu zinafifia.

"Basi mtahitaji na kifaa cha kutuliza umeme. Mama, njoo ujaribu."

Sikuwahi kuchomelea kitu chochote maishani. Nilishika, nikagusisha, nikabonyeza, nikavuta taratibu kama alivyonielekeza. Aliponiambia nivue miwani, nikaona mstari mwembamba uliopangika kama magamba ya samaki. Nikapitisha kidole. Hapakuwa na nundu.

"Hii haihitaji kusagwa," yule mtu akasema. "Grenda mnaweza kuipumzisha."

Nilielewa alichosema. Alikuwa ananiambia kwamba kazi yangu ya miaka yote haipo tena. Nilingoja nisikie uchungu, au nafuu, haikuja hata moja. Nilipogeuka, shemeji hakuwepo. Nilimkuta nje, amechuchumaa karibu na mtaro, analia bila sauti.

"Angeipenda," aliniambia.

"Angeipenda," nikasema. Nilisimama pembeni yake mpaka akamaliza.

Jioni ya siku tuliyorudi Kewanja, baba mkwe alikuja kutoka kwake Matongo. Tulimwamkia, akakaa, mimi nikakaa mbali kidogo nikiangalia chini, kama mkwe anavyokaa. Shemeji alimweleza kuhusu mashine zote mbili. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Zote zinachomelea?"

"Zote, baba."

"Basi chukueni ya Sirari. Inayobaki tununue ng'ombe."

Mzee akageukia upande wangu. "Na wewe mama, unasemaje?"

Hakuwahi kuniuliza jambo la karakana kabla ya hapo. Nikamwambia kwamba karakana yetu haina ukuta upande wa barabara, na watu wanapita wakienda sokoni, na wajukuu zake wanaingia wakitoka shule. Mashine ya Sirari inatoboa kitu kilicho mbali. Ya Mwanza haiwaki mpaka iguse chuma.

Mzee akapangusa fimbo yake kwa kiganja. "Chukueni hiyo," akasema.

Tuliileta, tukajenga chumba cha mabati chenye mlango wa kufunga. Shemeji alijaribu kwanza, lakini mkono wake ulishazoea mashine ya zamani, alikuwa anakandamiza mno. Mimi sikuwa na mazoea yoyote ya kuacha. Kwa hiyo mimi ndiye niliyechomelea meza zote, taratibu, umeme ukizima nasubiri, ukirudi naendelea.

Tulizipeleka kwa lori dogo. Mpishi wa kambi alipitisha kiganja kwenye maungio yote, akauliza nani kachomelea. Shemeji akaninyooshea kidole. Mpishi akasema, "Safi," akaenda kuwaita vijana wazishushe.

Wakati wa kurudi, tulipopita kwenye bwawa la Manchira, dereva alisimama kuongeza maji kwenye rejeta. Tulibaki wawili ndani.

"Shemeji," akasema, "wazee wameniuliza habari zako. Wanataka nikurithi."

"Ukawajibu nini?"

"Nimewaambia mimi na wewe tunafanya kazi pamoja. Inatosha."

Nilimwangalia. Alikuwa anatazama maji.

"Asante," nikasema, na nilisikia uchovu mzito ukinishuka kutoka mabegani hadi miguuni. Dereva alirudi, tukaondoka. Nilikuwa sijalala vizuri tangu msiba, lakini hapo niliegemeza kichwa kwenye kioo nikalala. Niliamka tumefika Kewanja, shingo inaniuma, na mteja ameketi juu ya ndoo mbele ya karakana, anangoja kuulizia geti lake.