Waini Iliyotemwa Kwenye Mpapai Wangu

Mtu akiniletea pombe, kitu cha kwanza namtazama koo. Simtazami usoni, uso unadanganya. Koo likipanda na kushuka, amemeza, na mimi nitakunywa. Nimelelewa hivyo Handeni, nikaolewa Kerenge na tabia yangu hiyohiyo. Kwetu mwenye pombe ndiye anayeonja kwanza, mbele ya watu, kila mtu aone kwamba hakutia kitu. Mimi nimepika boha, pombe ya miwa, tangu sijaota matiti, na kila mtungi nimeuanza mwenyewe. Uliza kata nzima kama kuna aliyeumwa tumbo kwa mkono wangu.

Sasa mjukuu wangu. Mama yake, binti yangu wa pekee, alifariki akamwacha bado ananyonya, nikamlea kwa uji na maziwa ya mbuzi. Namwita mke mwenzangu, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wa kike, lakini utani ni wa mdomoni tu. Yule ndiye macho yangu. Akaenda kusomea kazi za hoteli, akaajiriwa Tanga mjini kuwamiminia wageni waini, na hukohuko akakutana na kijana wa Kifaransa ambaye kwao wanalima zabibu na kutengeneza waini wenyewe. Kijana akataka kuoa. Wazee wa ukoo wakasema sawa. Neno likabaki kwangu, maana niliyelea ni mimi. Na nikikubali, anakwenda kuishi huko shambani kwao, mbali ambako siwezi kufika kwa basi wala kwa miguu.

Akanipigia simu. "Bibi, mama yake anakuja kukuona. Analeta waini ya kwao. Tafadhali pika samaki, pika na mbuzi, na ukaange ndizi mbivu."

"Vyote siku moja? Mnakuja wangapi?"

"Wachache tu, Bibi. Ila kila waini ina chakula chake."

Nikakaa na simu mkononi. Pombe gani hiyo inachagua chakula? Boha haijawahi kuniuliza nimekula nini. Na mtu anayekupangia cha kula ili unywe cha kwake, huyo ana jambo lake. Lakini nikapika. Nikaagiza perege wa mtoni kutoka Hale, nikachinja mbuzi, na boha nikaiinjika kabisa, kwa sababu mgeni wa posa hawezi kukuta nyumba yangu kavu.

Nilitegemea mwanamke wa kucha nyekundu na miwani ya jua. Kwenye gari akashuka mama mwembamba, nywele nyeupe, viganja vimepasuka kama vya watu waliokuwa wakikata mkonge. Wengine wangemhurumia. Mimi nikajiuliza: tajiri gani ana mikono hii? Ama shamba halipo, au lipo na linatafuna wanawake. Kwa vyovyote vile, mjukuu wangu ndiye anayetafutiwa jembe.

"Shikamoo, Bibi," akasema kijana, ameinama mpaka mgongo ukalala.

"Marahaba." Amefundishwa vizuri mno, nikasema moyoni.

Tukakaa barazani. Upande wangu alikuwapo mdogo wangu wa kiume, ambaye ni Mwislamu na kileo hagusi, amekuja na soda yake mkononi. Mjukuu wangu akawa mkalimani. Hilo nalo sikulipenda. Yule mama anaongea maneno marefu kama kamba ya ndoo, mjukuu ananiletea kipande.

"Hii nyeupe ni ya zabibu inayoitwa sovinyo, Bibi. Ya samaki. Hii nyekundu ni zabibu mbili, merlo na kaberne. Kaberne ni kali, inakaza mdomo, merlo inailainisha. Hiyo ni ya mbuzi."

"Zabibu si zabibu tu?"

"Mzuzu na kisukari si zote ndizi? Mbona kisukari hukipiki?"

Hapo alinikamata. Nikaikimbilia chupa ya tatu, ya rangi ya mkojo wa ng'ombe. "Na hii?"

"Hii semiyo. Tamu, ya ndizi zako. Zabibu zake wanaziacha kwenye mti mpaka ziote ukungu, zisinyae."

"Yaani zimeoza."

"Zimeoza vizuri, Bibi."

Mdogo wangu akapaliwa na soda. "Zimeoza vizuri! Dada, na yale maembe yako ya juzi umewatupia nguruwe wa watu bure."

Yule mama akazibua nyeupe. Akanusa kizibo. Akamimina kidogo kwenye glasi yake mwenyewe, kabla ya mtu mwingine yeyote. Nikapoa kidogo. Kumbe adabu wanaijua! Nikainama mbele nimtazame koo. Akaipeleka mdomoni, akaizungusha shavu hili na shavu lile, akavuta hewa kwa sauti kama anayekunywa uji wa moto. Koo kimya. Akainuka, akaenda ukingoni mwa baraza, akaitema yote kwenye shina la mpapai wangu. Halafu akageuka anatabasamu, akanimiminia mimi glasi iliyojaa.



"Dada, umeona?" akanong'ona mdogo wangu.

"Nimeona."

"Labda anabariki, kama Wamasai."

"Wamasai wanatema mate. Huyu ametema pombe yake mwenyewe."

"Basi mimi dini imeniokoa," akasema, akaikumbatia soda.

Nikaisukuma glasi katikati ya meza. "Hapa hanywi mtu."

Mjukuu wangu akashtuka. "Bibi, kwao ndivyo wanavyoonja! Anaangalia kama haikuharibika njiani, na joto lote hili. Kazini anaonja mapipa kutwa. Akimeza yote ataanguka kabla ya jua la mchana."

"Hapa kuna pipa?"

"Hakuna."

"Basi ameogopa kuanguka wapi? Mwambie nilichosema."

"Nitamwambia umeshiba."

"Utamwambia neno kwa neno. Nimekulea mimi. Ukitaka kudanganya unashika sikio."

Mkono wake ulikuwa sikioni tayari. Akaushusha, akasema kwa Kifaransa, sauti ndogo. Kijana akawa mwekundu mpaka shingoni. Mama yake hakucheka wala hakuomba radhi. Akaunyooshea kidole mtungi wangu pale pembeni, uliofunikwa jani la mgomba.

"Anauliza ile ni nini."

"Mwambie ni yangu, na mimi naimeza."

Akasikia tafsiri, akanyoosha mkono anaomba. Nikachota kwa kata, nikaanza mimi, mafunda mawili ya haki. Nilipoishusha kata nikamkuta ameinama mbele, amekaza macho. Hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa ananitazama koo.

Mwanamke huyu hakufundishwa na mtu wa Kerenge. Macho yale nayajua, ni yangu. Kumbe yeye naye hakulala njia nzima, anajiuliza mwanawe amelishwa nini huku mpaka hataki kurudi nyumbani peke yake.

Nikampa kata. Akaizungusha mdomoni vilevile, shavu hili na lile. Nikajiapiza: akiitema boha yangu, posa imeishia kwenye mpapai. Koo likapanda. Likashuka. Akafumba macho, akasema kitu.

"Anasema ina moshi, na mwisho wake ina uchungu mzuri, kama kaberne. Anauliza umetia nini."

"Mwambie hilo hata wewe hujaambiwa." Ni tunda la mwegea lililokaushwa, ndilo linalochachusha, lakini si la kumpa mtu wa siku ya kwanza.

Basi naye akalegeza kitambaa chake cha shingoni, akachukua ile glasi yangu, akainywa nusu, taratibu, shingo wazi nione. Akanirudishia. Nikanywa. Ilikuwa chachu kama limau changa. Nikala samaki, nikanywa tena, na sitasema uongo, samaki akawa mtamu zaidi. Nyekundu ilinikaza ulimi kama bibo la korosho, lakini mafuta ya mbuzi yakaitelezesha. Ile iliyooza ndiyo iliyoniudhi, kwa kuwa ilinukia asali ya msituni kwetu Handeni. Kitu kilichooza hakina haki ya kunukia kwetu.

Nikaweka glasi chini. "Sasa muulize. Mjukuu wangu akiugua huko kwenu, nani atamuuguza?"

Yule mama akaongea muda mrefu. Mjukuu wangu akasema, "Anasema yeye."

"Maneno yote hayo ni 'yeye' tu?"

Akatazama chini, mikono mapajani. "Anasema mumewe aliugua wakati wa mavuno. Zabibu hazingoji, kila mtu alikuwa shambani, na yeye mwenyewe alikuwa shambani. Akafa peke yake chumbani. Anasema hakuna mtu mwingine atakayelazwa peke yake nyumbani kwake. Zabibu zitaoza vibaya kwanza."

Hapakuwa na mkono sikioni. Nikautazama mkono wa yule mama, ule uliopasuka. Ulikuwa umeshika ukingo wa meza yangu kama mtu aliye kwenye gari linaloserereka.

"Sijakataa," nikasema.

"Mwambieni mgeni," akasema mdogo wangu, "kwa Dada hiyo ndiyo 'ndiyo' yake. Kubwa kuliko hiyo hana."

Wakati wa kuondoka yule mama akanipa chupa nyingine nyekundu. Hii, alisema, isifunguliwe sasa. Ilazwe ubavu, gizani, isiguswe kwa miaka, ndipo itakuwa tayari. Zawadi usiyoruhusiwa kuifungua! Nikamjibu nitailaza, lakini atakayeizibua ni mjukuu wangu, kwa mkono wake, kwenye baraza hili. Aje. Akikawia, nitaipasulia kwenye mpapai. Mjukuu alitafsiri yote, na yule mama akatikisa kichwa kukubali, hakucheka.

Wameoana, ameenda. Chupa iko mvunguni mwa kitanda changu, imefungwa kwenye khanga kuukuu. Nikifagia naigusa kama ipo. Majirani wanasema yule mama ni mtu mwema. Huenda. Mimi bado namchunguza.

Mjukuu hupiga simu ile ya kuonana, wamekaa mezani, huyo mama pembeni yake anakata mkate. Wananisalimu, wananionyesha sahani. Najua picha inaweza kupangwa. Kwa hiyo namwambia, "Mke mwenzangu, kunywa kidogo nikuone."

"Bibi jamani, ni maji haya."

"Kunywa."

Anacheka, anainua glasi. Mama mkwe wake anaacha kukata mkate, na yeye anamtazama koo.