Kidole Mdomoni

Kitu cha kwanza mtoto anachofunzwa katika chekechea ya masista kule Ganjoni si herufi wala hesabu. Ni kidole mdomoni. Mwalimu akisema "Kidole!" watoto thelathini huweka kidole cha shahada juu ya midomo, kelele hukatika kama redio iliyozimwa, na kidole hakitoki hapo mpaka mwalimu aseme "Toa!" Wazazi wakija kutembelea hulipenda sana jambo hili, huona haya ndiyo malezi hasa. Baada ya hapo ndipo hufuata mengine: kunawa mikono, kungoja zamu ya choo, kusema pole mwenzako akianguka, kuhesabu vizibo vya soda, na kumwomba Mungu kabla ya uji.

Mwalimu Mirriam Karisa alikuwa amefunza mambo hayo kwa miaka ishirini na minane. Alizaliwa upande wa Kaloleni, akaletwa mjini na shangazi yake alipomaliza shule ya msingi. Alifua nguo za masista, akawapikia watoto uji, na siku moja mwalimu alipougua akaambiwa aingie darasani akae nao mpaka saa sita. Hakutoka tena. Cheti alikuja kukipata baadaye, kwa masomo ya likizo. Mume alimpata, akampoteza kwa mwanamke wa Changamwe, na mtoto Mungu hakumjalia. Huko Tononoka alikopanga chumba walimwita Mama Chekechea, wengine kwa heshima, wengine kwa kumcheka. Yeye aliitika tu, maana hakuwa na jina jingine la umama.

Nusu ya watoto wa chekechea ile ni Waislamu. Watu wa Mji wa Kale wamekuwa wakiwapeleka watoto wao kwa masista tangu enzi za babu zao, asubuhi kwa masista, alasiri chuoni kwa maalimu kusoma Kurani, na hakuna aliyeona ajabu. Ila pana makubaliano ambayo hayakuandikwa popote. Saa nne, uji unapoletwa, watoto wa meza ya mlangoni hufanya ishara ya msalaba, na watoto wa meza ya dirishani hukunjua viganja na kusema Bismillahi. Mirriam, Mkatoliki asiyekosa misa, ndiye aliyewafunza wa dirishani Bismillahi yao, tena kwa uangalifu kuliko alivyowafunza wa mlangoni. Akikosea sala zake mwenyewe, Mungu angemsamehe. Akikosea za wenzake, alijua atakuja kuulizwa langoni.

Januari iliyopita aliletwa mtoto wa miaka mitano, Nabiha. Aliyemleta alikuwa baba yake, Yeslam, mwenye duka la udi na mafuta mazuri.

"Hunikumbuki, mwalimu," alisema. "Mimi ni Yeslam wa dirishani. Nilikuwa nikikojoa kila siku."

"Nikusahauje? Ulikuwa ukija na kaptura ya pili ndani ya mkoba."

Walicheka. Kisha Yeslam akaacha kucheka. "Mamake huyu alifariki mwezi wa tisa. Tangu siku ile hajasema neno. Hata kulia hakulia. Daktari asema masikio mazima, ulimi mzima. Nimemleta kwako, mwalimu. Najua ukaavyo na watoto."

Muhula wa kwanza wote Nabiha alikaa meza ya dirishani, na uji ukapoa mbele yake kila siku. Kidole mdomoni hakuhitaji kuambiwa, maskini. Alikuwa kimya hata wenzake walipotoa vidole. Alichokuwa akitazama kutwa ni msichana mmoja wa meza ya mlangoni aitwaye Wanza, mtoto wa Kikamba anayezungumza hata na kikombe chake. Shule zilipofunguliwa Mei, Mirriam akafanya jambo ambalo tangu aanze kazi hakuwahi kulifanya. Alimhamisha Nabiha, akamweka meza ya mlangoni, ubavuni mwa Wanza.

Siku hiyohiyo mtoto alikunywa nusu kikombe. Baada ya wiki alikuwa akimaliza. Wanza akishika kijiko, Nabiha naye hushika. Wanza akijikuna kichwa, Nabiha hujikuna palepale. Na Wanza alipogusa paji la uso, kifua, bega na bega, Nabiha naye aligusa.

Mirriam aliliona jambo hilo tangu siku ya kwanza. Si kwamba hakuliona. Alijiambia: acha ale vizuri wiki hii, wiki ijayo nitamrudisha dirishani. Wiki ijayo ikawa mwezi.

Asubuhi moja ya Julai, watoto wa mlangoni walipoanza sala, Mirriam akasikia sauti asiyoijua, nene kidogo, yenye kukwaruza. "Kwa jina la Baba," ilisema. Aligeuka. Nabiha alikuwa amefumba macho kama Wanza, na maneno yalikuwa yakimtoka moja moja mpaka Amina. Kisha akafumbua macho, akanywa uji wake.

Sasa hapo mtu afanye nini? Amwambie nyamaza mtoto aliyenyamaza miezi kumi? Ndiyo, angeweza kumkalisha kando, akamfunza Bismillahi taratibu, kama alivyowafunza wengine miaka yote. Lakini aliogopa kuigusa sauti ile. Kila siku ilipokaribia saa nne alikuwa akiingoja kama mtu anayengoja simu ya mwanawe aliye ng'ambo. Na baada ya sala yakafuata maneno mengine. "Maji." "Wanza." "Changu." Darasani tu. Langoni, alipomwona baba yake, alikuwa akifunga mdomo.

Mirriam hakuweza kujizuia. Alimwita Yeslam kando.

"Nabiha amesema."

Yeslam alishika nondo za lango kwa mikono miwili. "Amesema nini?"

"Maneno ya watoto tu," akajibu Mirriam.

Yeslam alilia pale langoni mbele ya madereva wa tuktuk, na siku ya pili akamletea mwalimu chupa ya mafuta ya udi. Kila jioni nyumbani alikaa mbele ya binti yake, akingoja. Hakupata neno, lakini hakukata tamaa, maana mwalimu alishamwambia kwamba maneno yapo.

Septemba ikafika, na mwaka wa marehemu ukatimia. Jumatatu asubuhi Yeslam alikuja shuleni bila mtoto. Mirriam alimvutia kiti, hakukaa.

"Sabalkheri, mwalimu."

"Sabalkheri, Yeslam. Nabiha ni mgonjwa?"

"Jana tulikuwa na hitma ya mamake. Wanawake juu, sisi wanaume barazani. Dua ikaanza, watu wakafungua mikono. Nikasikia sauti ya mwanangu kule juu. Mwalimu, mwaka mzima sijaisikia. Nilipanda ngazi mbio, nimewakanyaga watu. Nilipofika mlangoni ndipo nikasikia yuwasema nini."

Mirriam alikaa yeye kwenye kile kiti.

"Alidhani yuwamuombea mamake," Yeslam akaendelea. "Na mkono wafanya hivi, na hivi. Mbele ya watu wote. Shangazi yake akampiga kofi la mdomo, na mimi nilikuwapo nikatazama. Nakwambia na hilo, usidhani lawama zote nakupa wewe. Lakini nilikuuliza pale langoni. Nilikuuliza, amesema nini?"

"Nisamehe, baba. Niliogopa nikimkosoa atanyamaza."

"Basi amenyamaza," akasema Yeslam. "Mimi nilikaa dirishani. Sikuuliza mwanangu akaa wapi kwa sababu nilijua akaa dirishani."

Alitoka kwa adabu, akafunga lango nyuma yake.

Wiki ile watoto saba wa Mji wa Kale hawakurudi, na wa dirishani waliobaki walihesabika kwa vidole. Sista Caroline, mkuu wa chekechea, hakumfokea Mirriam. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba kwa sasa ni heri asionekane darasani, na jikoni pana haja ya mtu. Kwa hiyo Mirriam alirudi kwenye sufuria ya uji alikoanzia, na mwalimu mwingine, kijana mwenye diploma, ndiye aliyekuwa akisema "Kidole!" upande wa pili wa ukuta. Uji wenyewe ulikuwa ukimuungulia, kazi aliyoijua tangu usichana.

Jumamosi ya pili alishindwa kuvumilia. Alivaa gauni lake la misa, akafunga kitambaa kichwani, akaenda nyumbani kwa Yeslam, Mji wa Kale. Njiani aliwaza kila atakaloambiwa na akaona yote ni haki yake. Alitaka jambo moja tu, amsikie mtoto akisema, hata akisema sikutaki.

Aliyemfungulia alikuwa Bi Mejumaa, mama mzaa mama wa Nabiha. Mirriam alimwamkia shikamoo, akaitikiwa, akakaribishwa ndani, akaletewa kahawa na kaimati. Ukarimu ule ulimuumiza kuliko matusi aliyoyatarajia.

"Mimi sina ugomvi nawe, mwanangu," Bi Mejumaa alisema. "Niliomba Mola nisikie sauti ya mjukuu wangu kabla sijafa. Nimeisikia. Sauti ya mamake tupu." Akajifuta macho kwa pembe ya leso. "Sasa twambembeleza. Babake ampigia magoti. Shangazi yake amemuomba radhi, yuwalia. Twamwambia sema utakalo, mama, sema hata hayo ya kanisani, hapana mtu atakayekugusa. Hasemi. Chakula twamlisha kwa mkono."

"Naomba nimuone."

Bi Mejumaa aliita, na Nabiha akaja, amevaa kigauni cha waridi, amekonda shingoni. Alisimama mbele ya mkeka. Alimtazama Mirriam kwa muda mrefu, na Mirriam akaona kwamba amemjua. Macho yalimjua kabisa. Akaingoja sauti, kama zile saa nne za Julai.

"Nabiha. Ni mimi, mwalimu."

Mtoto alinyoosha mgongo kama wanavyonyoosha darasani. Akaleta miguu pamoja. Kisha akainua mkono wa kulia na kuweka kidole cha shahada juu ya midomo yake.

"Hiyo nayo ni ishara gani?" akauliza Bi Mejumaa. "Hushinda kutwa hivyo. Hata akilala twamtoa mkono sisi."

"Ni yangu," akasema Mirriam. "Mimi ndiye niliyemfunza."

Alipiga magoti kwenye mkeka mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto. "Toa," alisema kwa sauti yake ya darasani. Nabiha alimtazama. "Toa, mwanangu. Kwisha. Toa." Alisema tena, na tena, mpaka Bi Mejumaa akamshika bega na kumwambia basi, mwalimu, kahawa yapoa.

Kidole kilibaki palepale, kimenyooka vizuri, kama alivyofunzwa.